Kulwa Amekwenda Kisimani

Siku tuliyomtoa wifi yangu Kidawa pale Tandika, jeneza likiwa bado barazani, waliokuwepo karibu ni hawa ninaowataja. Asha, binti wa marehemu, alikuwa amekaa chini mlangoni, khanga imemfunika mpaka kwenye nyusi. Hamadi, mdogo wake Asha na kitinda mimba wa marehemu, alikuwa amesimama kwenye kichwa cha jeneza tayari kulinyanyua. Shehe Muhidini, aliyekuwa akisema maneno ya kuaga, ni mjukuu wa Maalim Kitwana aliyekuwa na chuo cha Kurani pale mtaani zamani, na huyo Maalim nitarudi kwake. Doto, mwanangu, ambaye siku hizi nakaa kwake Boko, alikuwa nyuma yangu ameshika mkoba wenye dawa zangu za presha. Na mie, Mwajuma, mjane wa Shomari, mdogo wake marehemu. Shomari mwenyewe alishatangulia. Hao ndio waliosikia vizuri. Waliokuwa kwenye viti vya kukodi kule barabarani wana yao ya kusimulia, lakini walikuwa mbali.

Shehe akasema yale yanayosemwa siku zote: marehemu alikuwa mwenzetu, ameishi na watu, na binadamu hakosi kukosea, mwenye deni awaone wanawe, na aliyekosewa amsamehe, ili aende mwepesi. Wanaume wakaitikia kwa pamoja, "Tumemsamehe!" Wanawake wa ndani nao wakaitikia kwa chinichini, kama kawaida yetu. Hamadi akainama kushika jeneza. Mie nikasema, "Mie bado." Sikupiga kelele. Lakini palikuwa kimya, na sauti ya mwanamke barazani wakati wa jeneza ni kitu ambacho watu hawajakizoea. Hamadi akabaki ameinama vilevile, mikono imeshika mti. Nitawaambia kilichofuata, ila kwanza nirudi kwenye mwaka ule, maana bila mwaka ule nitaonekana kikongwe mwenye roho mbaya aliyemzuia maiti njiani.

Mwaka wenyewe ni ule ambao sukari na sabuni tulipanga foleni, na ugali ulikuwa wa unga wa njano mpaka watoto wakaanza kudhani ndiyo rangi yake. Mie na Shomari tulikaa chumba cha mwisho cha nyumba ileile ya Tandika, kinachopakana na choo. Nyumba ilikuwa ya marehemu baba yao, na wifi Kidawa, kwa kuwa ndiye mkubwa, ndiye aliyeshika funguo, jiko na maneno ya mwisho. Mumewe alikuwa na mke mwingine Kibiti na alikuja akitaka. Shomari alikuwa kuli bandarini, akitoka kazini anaoga, anakula, anasikiliza redio, na jambo lolote la nyumbani ukimpelekea atakwambia, "Muulize dada." Nilikuwa nimeolewa miaka mingi bila mtoto. Nilikunywa dawa za mizizi za Mbagala, nikanywa dawa za vidonge za hospitali, nikafungwa hirizi kiunoni, na kila mwezi nikaenda kufua vitambaa vyangu uani mapema kabla wenzangu hawajaamka, ili wasinihesabu. Walinihesabu vilevile. Siku moja nakuna nazi, wifi yuko upande wa pili wa ukuta na shoga yake, nikamsikia anasema, "Mdogo wangu analisha tumbo lisilojua shukrani." Shoga akacheka. Nami nikaendelea kukuna, mpaka nikafika kwenye kifuu, na ile nazi ya siku hiyo ilikuwa na unga wa kifuu ndani yake, na wote waliila.

Mwaka huohuo Asha aliwekwa ndani. Alikuwa amevunja ungo, na kwa desturi ya nyumba ile mwali anakaa chumba cha uani, dirisha limefungwa, hatoki nje ila kwa kufunikwa, mpaka siku atakapotolewa kwa ngoma. Asubuhi mwali anapelekewa uji wa mchele wa nazi. Sasa hapo ndipo palikuwa na jambo. Uji wa mwali haupikwi na mwanamke asiyezaa. Mie ndiye niliyetwanga mchele, nikauchekecha, nikakuna nazi, nikawasha moto, nikabandika sufuria, lakini maji yakichemka, wifi anakuja ananyoosha mkono: "Lete mwiko, wifi. Hapa si pako." Wala hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekwambia sogea kidogo mvua inakunyea. Hilo ndilo lililonikata zaidi, kwamba hakuona haja ya kukasirika. Na chumbani kwa mwali sikuruhusiwa kuingia. Asha alikuwa mtoto niliyemfundisha kufunga khanga mie mwenyewe, na sasa tulizungumza kupitia upenyo wa mlango. "Mkaza," ananiita hivyo, kwa kuwa mie ni mkaza mjomba wake, "huko nje kuna nini leo?" Namwambia, "Kuna ugali." Anacheka. "Jana je?" "Jana ulikuwepo uleule."

Halafu siku moja wifi alikuwa anakaanga papa, nami nikakimbilia chooni. Niliporudi alikuwa ameacha kikaango, amejishika kiuno ananitazama. "Wifi wee, papa kakufanya nini? Siku zako unaziona?" Nilikuwa sijaziona kwa muda, lakini niliogopa hata kujiambia mwenyewe. Akanishika tumbo, akanitazama machoni, akapiga kigelegele mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta. Siwezi kumnyima haki yake: tangu siku ile alinichotea maji. Aliniambia nisinyanyue ndoo. Sukari ikipatikana, kijiko cha kwanza changu. Na kesho yake asubuhi, maji ya uji yalipochemka, nikasogea pembeni kama nilivyozoea, akaniambia, "Unakwenda wapi? Koroga." Akanipa mwiko. Nikakoroga ule uji mpaka ukaiva. Nikalibeba bakuli mwenyewe, nikaingia chumba cha mwali kwa mara ya kwanza. Mlikuwa na giza la saa zote na harufu ya liwa na karafuu. Asha alikuwa amenawiri, amekuwa mweupe wa kukosa jua. "Mkaza! Umeruhusiwa?" Nikamwambia nimeruhusiwa. Akanywa, akafuta mdomo. "Mtamu kuliko wa mama. Usimwambie." Mpaka leo sijui furaha nyingine iliyofika pale. Nilidhani nimeingia kwenye watu.

Ngoma ya kumtoa Asha ilipangwa Jumamosi. Wifi alikuwa amehangaika muda mrefu kukusanya mchele, mafuta, na khanga za sare, wakati ambao hata kitambaa cha kichwa kilikuwa cha kujuana na mwenye duka. Wageni walianza kuingia kutoka Kisarawe katikati ya wiki. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na ungo napepeta mchele wa pilau, tumbo limekuwa kubwa kuliko miezi yake, miezi bado sana, mara nikahisi mkeka umelowa. Niliona aibu kwanza; nilidhani nimejikojolea mbele ya wageni. Wifi ndiye aliyejua. Alinifunga khanga mbili, akamwamsha jirani mwenye pikapu, akakaa na mie nyuma njia nzima mpaka hospitali, kichwa changu mapajani kwake, akiniambia, "Usisukume, wifi, usisukume, wamekuja mapema hawa, wazuie kidogo."

Hawakuzuilika. Wa kwanza alikuwa wa kiume. Alitoka, kukawa kimya kidogo, halafu akalia. Kilio chake kilikuwa chembamba, kama paka mchanga aliyefungiwa kabatini, lakini kilikuwa kilio. Wifi, aliyekuwa amesimama nje ya mlango, akapiga kigelegele. Baadaye akatoka wa kike, naye akalia, na wifi akapiga kigelegele cha pili, mpaka mlinzi akaja kumwambia, "Mama, hapa kuna wagonjwa." Nesi aliyenizalisha aliitwa Sista Agripina, mwenyeji wa Songea, mfupi, mwenye pengo la mbele. Akaniambia, "Mama Kulwa, umesikia? Wote wamelia." Nikamwambia nimesikia. Ndiyo mara ya kwanza kuitwa hivyo. Pacha wa kwanza kwetu ni Kulwa, wa pili ni Doto. Majina yanakuja nao, hayatafutwi. Na mama huitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Niliitwa Mama Kulwa na Sista Agripina, na mpaka nafika uzee huu sijaitwa hivyo na mtu mwingine ila mmoja, nitamtaja.

Walikuwa watoto njiti kwelikweli. Ngozi yao ilikuwa nyekundu na nyororo kama utando wa yai. Mkono wa Kulwa ulikuwa unaenea kwenye pete yangu. Sanduku la joto lililokuwa zima lilikuwa moja, akawekwa Kulwa kwa kuwa alikuwa mdogo zaidi. Doto, Sista Agripina akamvua nguo zote, akanifungua kifua, akamlaza katikati ya maziwa yangu, akanifunga na khanga mgongoni mpaka kifuani kama anafunga mzigo. "Sasa wewe ndiye sanduku," akasema. "Usilale chali." Nilikamua maziwa kwenye kikombe, tone kwa tone, nusu ya Kulwa, nusu ya Doto, na yalipelekwa puani mwao kwa kimpira. Niliruhusiwa kusimama pembeni ya sanduku la Kulwa nikiwa na Doto kifuani. Aliwahi kufungua macho. Hilo nalo nimelishuhudia mie.

Alifariki kesho yake, mchana. Sikuwa nimesimama pale. Nilikuwa kitandani nakamua. Wifi alikuwa amekuja na uji, na nadhani aliambiwa kabla yangu, maana niliona sura yake inakuja toka mlangoni ikiwa imeshabadilika. Alikuwa amembeba Kulwa, amemfunika kwenye khanga yangu nyekundu ya mikorosho. Kabla sijafungua mdomo akauziba kwa kiganja. Kwa kiganja kabisa. "Usilie. Sikiliza, wifi, usilie. Ukilia, mwenzie atasikia, atamfuata. Mapacha hawaliliwi. Kulwa hajafa, unasikia? Kulwa amekwenda kisimani." Na yeye mwenyewe machozi yalikuwa yanamtoka. Nikamtazama Doto kifuani kwangu, nikameza. Ilikuwa kama kumeza kitu chenye mfupa. Akaondoka na mtoto kwapani, amemfunika na ushungi wake, na mie nikamwona mpaka alipokata kona.

Kitanda cha jirani alikuwepo mama mmoja Mmakonde kutoka Newala, Mama Longini, mumewe alikuwa mchonga vinyago Mwenge. Alikuwa ameona yote. Akaniuliza, "Kwa nini hulii, mwenzangu?" Nikamweleza. Akafikiri. Halafu akasema, "Mie sina pacha. Nitakulilia mie." Akajifunika shuka, akalia kilio cha kwao, cha kuimba, anataja jina: Kulwa, mwana wa Mama Kulwa, umemwachia nani maziwa. Manesi wakamwacha. Huyo ndiye mwingine aliyeniita Mama Kulwa. Sikumwona tena tulipotoka, na nimemtafuta Mwenge mara nyingi kwa wachongaji, na kila Longini niliyeonyeshwa hakuwa yeye.

Nilijua ngoma ingeahirishwa. Hata sikulifikiria, ni kama kujua jua litatua. Nyumba yenye msiba haichezi ngoma. Mwali angerudi ndani mpaka tanga liishe, wageni wangelala mikekani kwa msiba badala ya sherehe, mchele uleule ungepikwa wali wa matanga. Jumapili wifi akaja na bakuli limefunikwa na sahani. Alikuwa amevaa khanga mpya, zile za sare, kijani na nyeupe. Alinukia udi. Akafunua bakuli: pilau, na paja la kuku juu yake. "Kula, mzazi, upate maziwa." Sauti yake ilikuwa imekauka kama ya mtu aliyeimba. Nikatazama pilau, nikatazama khanga. Nikamuuliza, "Mmemtoa Asha?" Akasema, "Tumemtoa. Alipendeza." Mama Longini akainuka kwenye kiwiko. "Mama, samahani. Kwetu mtoto akifa watu wanakaa chini. Kwenu wanakula pilau?" Wifi hakumwangalia hata kidogo. Akaniambia mie, polepole, kama anayemweleza mtoto, "Ile ilikuwa mimba tu, wifi. Imetoka. Mungu kakuachia mmoja, mshike huyo." Nikasema, "Alilia. Ulipiga kigelegele." Akasema, "Nilipiga kwa Doto."

Nilikula ile pilau. Sitaficha kitu. Doto alikuwa hawezi kuishi bila maziwa, na maziwa hayawezi kutoka kwenye tumbo tupu, kwa hiyo nilikula pilau ya ngoma kwenye msiba wa mwanangu, na paja la kuku nililitafuna mpaka mfupa.

Shomari alikuja siku iliyofuata, akasimama dirishani kwa nje, kwa kuwa wanaume hawakuingia. Yeye ndiye aliyenieleza jinsi ilivyokwenda. Kidawa alipofika nyumbani, Maalim Kitwana alikuwa yuko barazani amekuja kwa mambo ya shughuli, akaitwa. Akauliza swali moja, lile linaloulizwa: mtoto alilia? Kwa sie, mtoto akizaliwa akalia hata mara moja, huyo ni mtu. Anapewa jina, anaoshwa, anavishwa sanda, anasaliwa, wanaume wanampeleka makaburini. Asipolia anafukiwa tu, na watu wanaendelea na shughuli zao. Kidawa akajibu, "Hakulia." Maalim akasema basi. "Nawe ukasema nini?" nikamuuliza Shomari. Akakwaruza nondo ya dirisha kwa kucha. "Mie ningejuaje, Mwajuma? Dada ndiye aliyekuwepo." "Na mie nilikuwa wapi?" Akasema atarudi kesho na machungwa.

Nilikaa wodini mpaka Doto akapata uzito. Niliporudi nyumbani, uani palikuwa pamefagiliwa, na chini ya dirisha la chumba cha mwali palikuwa na mgomba mpya umepandwa. Nilisema ule mgomba umepandwa mahali pabaya, utazuia mwanga. Wifi akasema, "Utakua, utatupa kivuli." Nikamuuliza amemfukia wapi mwanangu. "Usimtafute. Mwenzie atafuatwa." Nikauliza tena kwenye arobaini. Nikauliza Idd. Kila nikiuliza, Doto alikuwa anapata homa au kukohoa, kama watoto wote, na wifi ananionyesha kwa kidole: "Umeona?" Basi naogopa, nanyamaza mpaka Idd nyingine. Na siku moja nimekaa chumbani namnyonyesha, nikamsikia jikoni anamwambia mgeni wake wa Kisarawe, hakujua nipo: "Ningefanyaje, shoga? Watu wameshafika, mchele umeshaoshwa, mwali ameshapakwa liwa. Nimrudishe mwanangu ndani kwa ajili ya kitu kilichokuwa kama kidole?" Mgeni akasema, "Hata mie ningefanya hivyo." Nikasikia wanamimina chai.

Nimemfikiria wifi kwa miaka mingi, na ningependa niseme alikuwa mtu mbaya, ingenipunguzia kazi. Aliogopa kuaibika mbele ya watu wake wa Kisarawe. Alikuwa na binti mmoja, na sherehe ya binti inakuja mara moja. Na mie mwanangu alikufa mara moja vilevile. Alipolazimika kupima alipima haraka, na kilichokuwa changu kikaonekana chepesi, kwa sababu vitu vyangu vyote katika nyumba ile vilikuwa vyepesi.

Doto akakua. Watoto wenzake, wakisikia jina, wanamuuliza, "Kulwa wako yuko wapi?" maana Doto hakai peke yake, jina lenyewe linamtaja mwenzie. Alikuwa anajibu kama alivyofundishwa na shangazi yake: amekwenda kisimani. Siku moja nikamkosa, nikamkuta bomba la mtaani, ana kikopo, anauliza wanawake waliopanga ndoo kama wamemwona kaka yake. Nikambeba nikarudi naye. Wanawake walicheka. Nami nikacheka nao, kwa sababu sikuruhusiwa lile lingine. Na ule mgomba ukazaa. Ukazaa sana, mikungu mizito, na tukapika ndizi kwa nazi na nyama kwenye futari, na anayemenya nilikuwa mie. Asha alikuwa ameshaolewa Mtoni. Akija kufuturu, zile ndizi hakuzigusa. Alisema zinamletea kiungulia. Tukamtania, tukamwita mke wa bwana mkubwa.

Wifi alipougua mwisho, mguu na mkono wa kulia vikafa, lakini maneno alikuwa nayo. Nilitoka Boko kwenda kumwangalia. Nilimpa uji kwa kijiko, wa mchele na nazi, nimeukoroga mie. Alipomaliza nikamuuliza, "Wifi, sasa tumezeeka. Doto ni mama wa watu, hafuatwi tena na mtu. Kulwa uliniwekea wapi?" Akanitazama. Alinielewa, msije mkaniambia alikuwa hana fahamu. Kisha akageukia ukutani. Hiyo ndiyo mara ya mwisho kumwona akiwa hai, mgongo wake.

Basi nilipokuwa pale barazani, hayo ndiyo yaliyokuwa kifuani. Shehe Muhidini akasogea mlangoni, akainamisha kichwa, akasema kwa adabu, "Bibi, marehemu unamdai nini?" Nikasema, "Namdai kaburi." Hamadi akasema, "Jamani, mkaza mjomba amechanganyikiwa na uchungu, tuendeleeni." Nikamwambia, "Hamadi baba, sijachanganyikiwa. Mama yako alimchukua mwanangu hospitali akamfukia, na hakuniambia wapi mpaka amekuwa hivyo alivyo. Nanyi mnataka niseme nimesamehe. Nisamehe mahali gani?" Watu wakaanza kunong'ona. Bibi mmoja ndani akasema, "Mambo ya kizamani hayo, mwache marehemu apumzike." Hapo Asha, aliyekuwa chini mlangoni, akafunua khanga usoni. Amezeeka Asha, meno ya pembeni yamekwisha. Akasema, "Ni chini ya dirisha langu."

Akaendelea, ananitazama mie tu. "Nilikuwa ndani, mkaza. Nilisikia jembe mchana. Nikamuuliza mama kupitia dirishani, mnafanya nini huko? Akasema tunapanda mgomba. Nikamsikia analia. Nikajua hakuna mtu anayelia kwa kupanda mgomba. Halafu akaja kunipaka liwa, mikono ina udongo kwenye kucha." Akajifunika tena. Basi zile ndizi, nazo nikazielewa, na kiungulia chake. Nilitazama mikono yangu.

Shehe akanitazama anasubiri. Jua lilikuwa linapanda na maiti hawekwi. Nikasema, "Mzikeni." Wakanyanyua jeneza. Nasikia inasemwa mtaani kwamba Bi Mwajuma alimsamehe wifi yake mbele ya kadamnasi. Nilisema mzikeni. Neno lingine sikulitamka, na aliyelisikia amelitoa kwake.

Waliporudi kutoka makaburini nilimkuta Hamadi ananisubiri uani, hajui aweke wapi mikono. Mgomba haupo. Haupo siku nyingi. Aliung'oa alipojenga fremu za kupangisha, na pale chini ya dirisha la mwali sasa hivi ni saluni ya kunyolea, vigae vyeupe, kiti cha kuzunguka, kioo ukuta mzima. "Mkaza, wallahi sikujua," akasema Hamadi. "Mafundi walichimba msingi, hawakuniambia kuwa wameona kitu." Nikamwambia, "Wangeona nini, baba? Alikuwa anaenea kiganjani." Kijana wa saluni alizima muziki, akatoka nje na mteja wake aliyenyolewa upande mmoja. Nikaingia na Doto na Asha. Shehe Muhidini akavua viatu mlangoni, kwenye nywele zilizofagiliwa. Akasimama juu ya vigae, akaniuliza swali la babu yake. Aliniuliza mie. "Bibi, mtoto alilia?"

Nikasema, "Alilia."

"Anaitwa nani?"

"Kulwa. Kulwa bin Shomari."

Akanyanyua mikono akaomba dua, ndefu, akamtaja kwa jina lake. Doto, mwanamke mzima mwenye wajukuu, alilia mpaka akashika kiti. Asha alilia. Na mie yakanijia, nikayahisi yanapanda kabisa, yale ya siku ile, yaleyale. Kwenye kioo nikamwona Doto. Nikayameza. Najua ni ujinga, mwenye kuamini kuwa mapacha hawaliliwi nimetoka kumzika. Lakini ndiye huyo mmoja niliyebakiziwa, na sitamjaribia.

Nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe, elimu yangu ni ile ya watu wazima ya jioni, kwa hiyo wanaosoma wavumilie. Kama kuna aliyekuwepo Tandika mwaka ule akaona nimekosea, anirekebishe: labda khanga za sare hazikuwa kijani, labda Sista Agripina hakuwa wa Songea, labda pikapu ilikuwa ya mtu mwingine. Kama Mama Longini yu hai, au mwanawe, aniambie jina lake hasa, maana nililijua la mwanawe tu. Yote hayo nitayafuta niandike upya. Ila kwenye kilio msiniguse. Walilia wote wawili, na wa kwanza alikuwa Kulwa.